Bunduki ya kwanza inayojipakia: kisa cha kijana wa Mombasa na msimu wake wa hua na bata

Mwenye kisa ameniruhusu kukieleza. Nimeondoa majina, jimbo analoishi, kazi anayofanya na jina la bunduki aliyonunua. Mengine yote ni kama yalivyotokea, pamoja na makosa yangu mimi niliyeombwa ushauri.

Alikotoka

Ni kijana wa Mji wa Kale, mwenye umri wa miaka thelathini na kitu, mfupi, mabega membamba. Anaishi Marekani kwa kibali cha ukaazi wa kudumu. Hapa kwetu hakuwahi kushika bunduki, wala si ajabu: Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa michezo mwaka 1977, na kizazi chake kimekua uwindaji ukiwa hadithi za wazee. Kule alikoenda, wenzake kazini huwinda ndege kila mwaka. Msimu wa hua hufunguliwa tarehe 1 Septemba katika majimbo mengi, na bata hufuata baridi ikianza. Walimwalika mara mbili, akaenda kutazama. Mara ya tatu akataka awe na bunduki yake.

Akasoma masomo ya usalama ya wawindaji, akapata cheti. Julai akaja nyumbani likizo ya wiki tano, na mkononi ana orodha ya bunduki tatu, zote za marisau, yaani zinazotoa punje nyingi ndogo kwa mlio mmoja, zote zinazojipakia zenyewe. Aliniletea mimi kwa kuwa niliwinda kule miaka kumi na mmoja kabla sijarudi Mombasa.

Huyu kijana pia ana mjomba wake. Mzee huyu alikuwa akiwinda kanga na kwale upande wa Kwale kabla ya marufuku, kwa bunduki ya mitutu miwili, ile ya kukunja katikati. Bunduki haipo tena, lakini mzee bado akisimulia huinua mikono yake kama anayo.

Orodha na bajeti

Alikuwa na dola 1,100 kwa kila kitu: bunduki, risasi za mazoezi, leseni, miwani na vizibo vya masikio. Wenzake wa kazini walikuwa wameshampa fatwa zao. Mmoja alisema achukue geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu, na namba ikiwa ndogo mtutu ni mpana zaidi) yenye chemba, yaani mahali risasi inapokaa, ya milimita 89, kwa kuwa "ukubwa haudhuru". Mwingine alisema bunduki nyepesi ya mfumo wa inesha na asiangalie nyingine. Wa tatu alimwambia geji 20, kwa mwili wake.

Kwa asiyejua, bunduki hizi zinatofautiana kwa namna zinavyojipakia. Ya gesi ina tundu dogo kwenye mtutu. Moshi wa baruti ukipita, sehemu yake inaingia humo na kusukuma pistoni, pistoni inarudisha nyuma bolti, kile kipande cha chuma kinachofunga chemba, ganda linatoka na risasi mpya inaingia. Ya inesha haina tundu. Bunduki inapopiga teke kurudi nyuma, bolti inabaki ilipo kwa kitambo, inakandamiza springi nzito, kisha springi ndiyo inayofanya kazi yote. Benelli ya Italia ndiyo iliyolifanya jina la mfumo huu. Kabla ya zote hizo kulikuwa na Auto-5 ya John Browning, iliyobuniwa zaidi ya miaka mia moja iliyopita, ambayo mtutu wenyewe ulikuwa unarudi nyuma pamoja na bolti.

Ya inesha ni nyepesi na safi, mtu anaweza kuipiga siku nzima bila kuifungua. Lakini teke lake linakuja lote begani, na kwa kuwa inategemea kurudi nyuma, risasi hafifu za mazoezi huweza kuishinda. Kuna na tabia nyingine ambayo mgeni hatahadharishwi: ukiifunga bolti polepole ili isipige kelele, au ikigongwa kidogo, bolti inaweza isifunge kikamilifu. Ndege anakuja, unavuta kifyatuo, unasikia "tik", basi. Ya gesi ni nzito zaidi na huchafuka kwa masizi, lakini sehemu ya lile teke huliwa na pistoni na springi kabla halijafika begani.

Barazani

Tulikaa kwa mjomba jioni tatu. Ya kwanza sikuzungumzia bunduki kabisa. Nilimwambia kijana anyooshe mikono yote miwili, aache tundu dogo baina ya viganja, na aitazame ncha ya mnara wa msikiti kupitia tundu hilo, macho yote mawili yakiwa wazi. Kisha afunge jicho moja moja. Alipofunga la kushoto, mnara ukapotea. Akarudia mara nne na jibu likawa lile lile. Anatumia mkono wa kulia kwa kila kitu, lakini jicho linalotawala ni la kushoto.

Hili ni jambo kubwa kuliko geji. Bunduki ya marisau haina alama ya nyuma ya kulengea kama raifo, bunduki ya risasi moja moja. Jicho ndilo alama ya nyuma. Mtu anayeweka kitako bega la kulia huku jicho la kushoto likiongoza, atapiga pembeni ya ndege na hatajua kwa nini. Wenzake wote waliompa ushauri hakuna aliyemuuliza.

Jioni ya pili tulimwendea seremala wa Kibokoni. Nilimchorea kipande cha mbao chenye umbo la kitako na shina la mtutu, sentimita 36.5 kutoka mahali pa kifyatuo hadi mwisho wa kitako, kwa kuwa hicho ndicho kipimo cha karibu cha bunduki nyingi zinavyotoka kiwandani. Mbao peke yake ilikuwa nyepesi mno. Mjomba akatoa chubwi za mshipi kwenye kapu lake la uvuvi, tukazifunga kwa waya mpaka mzani wa duka la jirani ukasoma kilo 3 na robo. Haukutoka nje ya ua ule mti, maana kitu chenye umbo hilo mjini ni kujitafutia balaa.

Kijana akafundishwa kuinua: mti unakwenda shavuni kwanza, ndipo bega linaupokea. Mara hamsini asubuhi, hamsini jioni. Siku ya kwanza alikuwa akiinamisha kichwa kuufuata mti. Siku ya nne mti ulikuwa ukimfuata yeye. Alikuwa amevaa fulana, kusi linavuma, na kipimo cha sentimita 36.5 kilimkaa vizuri. Nikaandika hivyo kwenye daftari: kitako kisiguswe.

Jioni ya tatu mjomba aliuliza swali moja, baada ya kutusikiliza muda mrefu tukibishana gesi na inesha.

"Mwanangu, ndege akianguka mzima, wamchinja wakati gani?"

Kijana akanitazama mimi. Nikajibu kama mtu aliyeulizwa suala la fikihi. Nikataja hadithi ya Adi bin Hatim, sahaba wa Mtume, kuhusu mi'radh, aina ya mshale wa kuwindia, kwamba kinachotobolewa huliwa na kinachouawa kwa kupigwa na ubavu wake hakiliwi. Nikasema wanazuoni wana maneno yao juu ya marisau, na kwamba nyumba yao inajulikana ina msimamo gani: ndege asiyewahiwa akiwa hai hawamli, kwa kuwa wanamhesabu kuwa aliyekufa kwa kipigo. Nikasema basi awe na kisu kikali na akimbie. Mzee alinyamaza, akamimina kahawa. Nilidhani nimemjibu.

Maamuzi, na kwa nini

Tuliamua gesi. Sababu ya kwanza ni mwili wake na idadi ya risasi atakazopiga akijifunza: mwanafunzi anayeogopa teke hufumba macho kabla ya kuvuta, na tabia hiyo ikiingia haitoki upesi. Sababu ya pili ni risasi nyepesi za gramu 28 au chini ya hapo, ambazo ndizo za kujifunzia, na bunduki nzuri ya gesi huzila bila taabu. Uzito uliozidi hatukuuona kuwa ni hasara. Hua hupigwa mtu akiwa amekaa kwenye kigoda kando ya shamba, bunduki haitembezwi kutwa nzima.

Tuliamua geji 12, si 20. Hapa nilimpinga yule mwenzake aliyekuwa na huruma. Bata wa majini nchini Marekani hawaruhusiwi kupigwa kwa marisau ya madini ya risasi tangu 1991, kwa sababu ya sumu inayobaki kwenye maji. Hutumika ya chuma au mengine yasiyo na sumu. Chuma ni chepesi kuliko madini ya risasi, hivyo punje inabidi iwe kubwa zaidi, na punje kubwa zinahitaji nafasi kwenye ganda. Geji 12 inayo. Risasi zake pia zinapatikana kila duka na kwa bei nafuu. Na nilitaka awe na geji moja tu nyumbani. Risasi ya geji 20 ikiangukia ndani ya bunduki ya 12 huteleza na kukwama mbele ya chemba. Mtu akidhani haina kitu na kutia ya 12 nyuma yake, mtutu hupasuka. Ndiyo maana maganda ya geji 20 hufanywa ya manjano.

Chemba ya milimita 89 tuliiacha. Ya 76 inatosha bata na hua, na ile kubwa inaongeza bei na teke kwa kazi ambayo hana.

Jicho tuliliamulia kipande kidogo cha utepe wa plastiki kwenye kioo cha kushoto cha miwani, mahali mboni inapokutana na mtutu akiwa ameinua. Angeweza kujifunza bega la kushoto, na kwa mtoto wa miaka kumi ningesema hivyo. Yeye alikuwa na wiki tano.

Kwa choki, kile kibano cha mdomo wa mtutu: iliyo wazi kidogo kwa hua, ya kati kwa bata, na marisau ya chuma yasipitishwe kwenye choki ya kubana kabisa. Sheria ya huko pia inataka bunduki ya ndege wahamao isibebe zaidi ya risasi tatu kwa jumla, kwa hiyo bomba la chini ya mtutu, linalobeba risasi za akiba, hutiwa kizibo. Hilo alishalijua kutoka masomoni.

Septemba

Alirudi, akanunua katikati ya Agosti kwa dola mia tisa na ushei, akapiga visahani vya udongo zaidi ya mia mbili kabla ya msimu. Akapima mtawanyiko wa marisau kwenye karatasi kubwa yenye duara la sentimita 76, kwa umbali wa yadi 40, akanitumia picha. Ilikuwa imekaa sawa, juu kidogo ya katikati, ninavyopenda. Utepe wa miwani ulifanya kazi tangu siku ya kwanza.

Siku ya ufunguzi alikaa kando ya shamba la alizeti na mwenzake mmoja mtu mzima. Hua wa kwanza wawili aliwakosa. Wa tatu akampiga, akaanguka mita thelathini hivi, akipiga bawa moja chini.

Kijana akainuka. Mkono wa kulia ukaenda kiunoni kuchomoa kisu, bunduki ikahamia kushoto, akaanza kukimbia kwenye mabua. Mwenzake aliita jina lake mara moja tu, kwa sauti ya chini, akamwambia asimame na ageuzie mtutu chini. Akasimama. Chemba ilikuwa na risasi. Kufuli ya usalama ilikuwa wazi, kama alivyoiacha alipopiga. Kisu mkono mmoja, bunduki iliyo tayari mkono mwingine, ardhi ya mabua yaliyokatwa.

Hakuna aliyeumia. Aliitoa risasi, akailaza bunduki, akamwahi ndege, akachinja. Siku ile alipata hua wanne, wawili aliwawahi hai. Waliobaki aliwapa wenzake.

Usiku alinipigia simu. Hakuzungumza juu ya ndege. Alisema, "Mjomba aliniuliza, nami sikumsikia."

Nami pia sikumsikia. Mzee hakuwa akiuliza fikihi, ambayo anaijua kuliko mimi. Alikuwa akiuliza bunduki itakuwa wapi mkono ukishika kisu. Yeye kwa mitutu miwili aliikunja, ikabaki imelegea mkononi, kila mtu aliye kondeni anaiona kuwa ni tupu. Bunduki inayojipakia inafanya kinyume: ndege anapoanguka na moyo wako unapomkimbilia, ndipo yenyewe inapokuwa imeshajitayarisha tena.

Tulizungumza saa nzima na tukafikia uamuzi ambao ungepaswa kufanywa barazani. Mwezi mzima wa Septemba atie risasi moja tu, ya chemba, na bomba liwe tupu. Bunduki ya aina yake ikipiga risasi ya mwisho, bolti hubaki nyuma, wazi. Kwa hiyo kila baada ya mlio, bunduki yenyewe inamwonyesha yeye na mwenzake kuwa haina kitu. Anailaza juu ya kigoda, anachukua kisu, anakwenda. Wenzake walishangaa, mtu amenunua bunduki ya risasi tatu na anatia moja. Alivumilia.

Faida nyingine ilijitokeza ambayo sikuitarajia. Alipokuwa na risasi moja tu, aliacha kupiga ndege wa mbali. Akingoja wakaribie, marisau yanawapata vizuri, wanaanguka karibu, na anawawahi. Kufikia mwisho wa mwezi alikuwa akiwahi wengi wa ndege wake wakiwa hai. Na sheria ya huko inakwenda njia hiyo hiyo: ndege aliyejeruhiwa na kushikwa lazima auawe papo hapo na ahesabiwe katika idadi ya siku.

Novemba

Asubuhi ya kwanza ya bata alikosa kila kitu. Alikuwa amevaa fulana ya sufi, sweta, na koti nene la mvua juu yake. Alipoinua, mwisho wa kitako ulinasa kwapani. Alipoweza kuufikisha, ulikaa juu ya mkono badala ya kwenye shimo la bega, na jioni mkono ulikuwa umevilia damu rangi ya zambarau. Bunduki ya gesi, iliyochaguliwa kwa upole wake, ilimwumiza.

Hili ni langu moja kwa moja. Nilimpima kwenye ua wa Mombasa, mwezi Julai, kwa fulana, nikaandika "kisiguswe". Nguo zile zilikuwa zimeongeza karibu sentimita moja na nusu baina ya bega na kitako. Bunduki yake ina vipande vya kuongeza na kupunguza mwisho wa kitako. Alitoa kimoja, ikashuka hadi sentimita 35, na wiki iliyofuata akapata bata wawili. Gharama ya kurekebisha ilikuwa bisibisi. Gharama ya kutokujua ilikuwa mapambazuko matatu kwenye maji ya baridi, na kijana kuanza kuamini kwamba hana kipaji.

Uchambuzi

Uamuzi wa gesi na geji 12 ulikuwa sahihi na ningeurudia. Bunduki haikukwama hata mara moja kwa risasi nyepesi, naye aliisafisha pistoni kila wiki kwa kuwa tulimwambia masizi ndiyo bei ya upole wake.

Jicho lilikuwa uvumbuzi mkubwa kuliko yote, na halikugharimu senti. Kama tungelikosa, angepiga vibaya kwa bunduki yoyote ile, akauza, akanunua nyingine.

Mti wa seremala ulifanya kazi nusu. Ulimfundisha kuinua, lakini ulinipa mimi kipimo nikakiamini kana kwamba kitako kinapima mtu peke yake. Kitako kinapima mtu na nguo zake na hali ya hewa ya mahali atakapokuwa.

Kosa zito ni la jioni ya tatu. Tulitumia jioni zote kuchagua bunduki kwa ajili ya sekunde ile ya kupiga: teke, uzito, geji, choki. Hatukutembea naye hatua kwa hatua kutoka mlio hadi kisu. Tungetembea, hata kwa ule mti wenye chubwi, tungeona mikono miwili haitoshi vitu viwili, na suala la risasi moja lingeibuka palepale uani. Huenda hata tungemshauri aanze na bunduki ya kukunja. Nimelifikiria hilo sana. Kwa msimu wa kwanza, kwa mtu anayekusudia kuchinja, bado nadhani mjomba angechagua ya kukunja, na sina hoja nzito ya kumpinga isipokuwa kwamba kijana sasa ameizoea ile aliyonayo na anaitumia kwa adabu.

Hivi sasa anatia mbili. Ya tatu hajaitia.

Januari alikuja kijana mwingine, naye anakwenda huko huko. Seremala ameshaukata ule mti mwisho wake na kuutilia vipande viwili vya kuvua, cha sentimita moja na cha nusu. Nilimsimamisha uani katika joto la kaskazi, amevaa masweta mawili na koti la mvua la mjomba, jasho linamchuruzika mpaka kidevuni. Akainua, akavuta. Mzee akaangusha kofia yake chini, hatua kumi mbele, akamwambia, "Huyo ndege wako, yu hai. Nenda." Sote tukatazama mkono wake wa kushoto.